Kukiona Chuo cha Sheria kabla ya Kuweka Arabuni

Kila mwaka, tangu mwisho wa majira ya baridi hata kufikia mwezi wa Aprili, vyuo vya sheria vya Marekani, ambavyo vile vilivyoidhinishwa na Chama cha Mawakili cha nchi hiyo ni karibu mia mbili, huwaandikia barua vijana viliowakubali, na baada ya barua hufuata mwaliko: njoo ukizuru chuo, usikilize somo darasani, ule pamoja na walimu, uzungumze na wanafunzi, kisha utwambie kama utajiunga nasi au la. Miongoni mwa vijana hao wamo siku hizi watoto wa jamaa zetu waliohamia ughaibuni, na wamo wengine waliokwisha kupata shahada ya kwanza ya sheria Dar es Salaam au Nairobi na sasa wanatafuta ya uzamili. Kwao wao, na kwa wazee wao wanaotoa nasaha na fedha, nimekusudia makala haya, kwa sababu wengi huuchukua mwaliko ule kuwa karamu ya hongera, na hali ni siku ya kazi nzito, siku ya pekee katika safari yote ya elimu yao ambayo chuo kinawahitaji wao kuliko wao wanavyokihitaji chuo.

Ili jambo hili lifahamike vema, yafaa kwanza kueleza tafauti iliyopo kati ya utaratibu wa kule na wa kwetu. Katika Afrika ya Mashariki sheria ni shahada ya kwanza, na kijana huiingia mara atokapo katika shule ya sekondari. Marekani, kinyume cha hayo, mtu husoma kwanza shahada yoyote, aghalabu kwa miaka minne, ndipo aombe kuingia chuo cha sheria asome miaka mitatu apate shahada iitwayo Juris Doctor. Mwombaji hupeleka matokeo ya shahada yake pamoja na ya mtihani maalumu, ambao kwa wengi ni ule uitwao LSAT uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1948, na hupeleka maombi yake kwa vyuo kadha wa kadha kwa wakati mmoja. Hivyo msimu wa kuchagua ukifika huenda akawa na barua tatu au nne za kukubaliwa mkononi. Chuo nacho hakijui ni nani atakayekuja, kina viti vya kujaza na jina la kulinda, na wale wenye alama za juu ndio wanaogombewa na kila mtu. Hapo ndipo ukarimu ule unapotoka, na si vibaya kuupokea kwa adabu na shukrani, illa ni wajibu kuijua asili yake.

Mara nyingi chuo humtaka aliyekubaliwa aweke arabuni, yaani dola mia kadhaa za kushika nafasi yake, kabla ya tarehe iliyotajwa, ambayo kwa vyuo vingi huangukia Aprili au Mei; na fedha hizo akizitoa kisha asije, kwa kawaida harudishiwi. Baina ya barua na arabuni mna muda wa majuma machache, na muda huo ndio muradi wa maneno yangu. Mafakihi walilizungumza jambo kama hili karne nyingi zilizopita walipojadili biashara ya kitu ambacho mnunuzi hajakiona. Madhehebu ya Hanafi yaliijuzisha biashara hiyo, lakini yakampa mnunuzi khiyari ya kuona, kwamba atakapokitia kitu machoni ana haki ya kukishika au kukirudisha. Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, kauli yenye nguvu ikazidi kukaza, kwamba bei ya kitu kisichoonwa haisihi. Hekima iliyomo katika kauli zote mbili ni moja, nayo ni kwamba ridhaa ya mtu asiyejua anachoridhia ni ridhaa yenye upungufu. Anayejifunga miaka mitatu ya umri wake pamoja na deni ambalo huenda likamwandama miaka ishirini ana haja ya khiyari hiyo kuliko mnunuzi wa nguo au wa farasi, na anayeiachia ipite kwa kuwa ameghurika na ngazi za marumaru amejidhulumu nafsi yake.

Basi tuanze na hilo la marumaru, tulimalize upesi. Majengo ya vyuo vya sheria vya Marekani yako mazuri mno: Yale, katika mji wa New Haven, ina jengo lililokamilika mwaka 1931, lenye nyua na madirisha ya vioo vya rangi mithili ya makanisa ya kale ya Ulaya, na chuo cha Chicago kina jengo la vioo, kazi ya msanifu Eero Saarinen, lililofunguliwa mwaka 1959 nyuma ya birika kubwa la maji. Wahenga walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini katika msimu huu kizuri na kibaya vyote hujitembeza, na uso wa nje hausaidii kuvipambanua. La kutazama katika jengo ni moja tu, nalo ni maktaba baada ya magharibi: je, iko wazi, ina nafasi ya kukaa, wamo wakutubi wanaoulizwa wakajibu, na wanafunzi waliomo wanasaidiana au kila mmoja amejifungia peke yake? Saa moja ndani ya maktaba hiyo wakati wenyeji wamekwisha kuwasahau wageni hufunza mengi kuliko ziara ya mchana inayoongozwa kwa kipaza sauti.

Darasa ndilo lenye uzito. Mwaka 1870 Christopher Columbus Langdell alikuwa mkuu wa chuo cha sheria cha Harvard, akaacha mtindo wa kuwahutubia wanafunzi kanuni zilizokwisha kupangwa, akawapa badala yake hukumu zenyewe za mahakama wazisome na wazichambue, na mwalimu akawa ni mtu wa kuuliza na si wa kusimulia. Mtindo huo ulienea nchi nzima, na hata leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, anaposoma mikataba, madhara, mali, jinai na mwenendo wa mashauri ya madai, huweza kuitwa kwa jina lake ghafla mbele ya wenzake themanini, akatakiwa aeleze kisa cha kesi, hoja za pande mbili na sababu za jaji, kisha mwalimu abadili jambo moja katika kisa na kumwuliza kama hukumu ingalikuwa ile ile. Mtu aliyezoea kunakili maneno ya mwalimu na kuyarudisha siku ya mtihani hushtuka sana anapokutana na mtindo huu kwa mara ya kwanza, na ni afadhali mshtuko huo umpate angali mgeni.

Walakini kuna darasa na kuna darasa. Siku ya wageni vyuo vingi huandaa somo la mfano, ambalo hutolewa na mwalimu aliye hodari kuliko wote kwa ulimi, juu ya kesi iliyo tamu kuliko zote, kwa watu ambao hawatapewa mtihani. Lisikilize ufurahi, kisha uombe kwa ofisi ya udahili ruhusa ya kuketi nyuma ya darasa la kawaida, la siku ya kawaida, linaloendelea na kazi yake kana kwamba wewe hupo. Humo ndani usishughulike na kuifahamu kesi. Shughulika na kuwatazama watu. Mwanafunzi akishindwa kujibu, mwalimu humfanyia nini: humfedhehi, humwacha na kumwendea mwingine, au humshika mkono kwa swali jepesi zaidi hata akasimama mwenyewe? Anayezungumza kwa lafudhi ya kigeni husikilizwa kwa subira sawa na wengine? Walioketi safu za nyuma wanafuata mjadala au wanatazama mengine katika kompyuta zao? Somo linapokwisha, mwalimu hubaki akazungukwa na wenye maswali au hutoka kabla yao? Mambo haya hayapatikani katika kijitabu chochote, nayo ndiyo yatakayokuwa hewa yako ya kila siku.

Baada ya darasa wafuate wanafunzi, na hapa yataka hadhari ya mwanasheria anayemhoji shahidi. Wale wanaowaongoza wageni wamechaguliwa na ofisi, na wengine hulipwa kwa kazi hiyo. Si waongo, bali ni mashahidi walioitwa na upande mmoja wa daawa, na ushahidi wao ni sehemu tu ya ushahidi. Watafute wengine mkahawani, wa mwaka wa pili na wa tatu, ambao wamekwisha kupita katika mitihani na katika kutafuta kazi, na usiwaulize kama chuo ni kizuri, kwani swali pana huzaa jibu tupu. Waulize yale waliyoyaona kwa macho yao: ni mwalimu gani aliyesoma kazi yako akakurudishia na maelezo? Ulipougua, au ulipofiwa, au ulipopata alama mbaya, ni nani aliyekuita ofisini kwake? Likizo ya kwanza ulifanya kazi wapi, nani alikusaidia kuipata, na ulilipwa? Kisha utakapokuwa umewauliza watu watano wasiojuana maswali yale yale, linganisha majibu. Palipo na mwafaka pana ukweli fulani, na palipo na ikhtilafu pana jambo la kwenda kuulizwa zaidi. Na atakaposema mmoja wao kwamba amesikia jambo, mwulize amelisikia kwa nani, kwa sababu anayetaka kuwa wakili hana budi kuanza mapema kupambanua kati ya kilichoonwa na kilichosimuliwa.

Sasa tufike kwenye mali, mahali ambapo vijana huona haya kuuliza na ambapo haya hugharimu mno. Ada peke yake katika vyuo vikubwa vya watu binafsi hupita dola 70,000 kwa mwaka, kabla ya chakula, makazi na vitabu. Na kwa sababu hiyo barua nyingi za kukubaliwa huja na ahadi ya ufadhili, ambayo humfanya mzazi alie kwa furaha kabla hajasoma mistari ya chini. Mistari hiyo ndiyo yenye mambo. Uko ufadhili unaodumu miaka yote mitatu maadamu mwanafunzi anaendelea vema na masomo, na uko ufadhili wenye sharti, kwamba ataupoteza mwisho wa mwaka wa kwanza asipofikia wastani fulani au nafasi fulani katika darasa. Aliyekuwa wa kwanza shuleni kwake tangu utoto hulidharau sharti hilo, akidhani kwamba kubaki katika nusu ya juu ni jambo jepesi kwake, na husahau kwamba wote atakaoketi nao walikuwa wa kwanza katika shule zao.

Tuchukue hesabu ya mfano. Darasa lina wanafunzi 100, na chuo kimewapa 60 kati yao ufadhili ambao utadumu tu kwa atakayekuwa katika nusu ya juu. Nusu ya juu ina nafasi 50. Hata kama wote watasoma usiku na mchana, hata kama wote watakuwa na akili za Shafi na Abu Hanifa, hapana budi watu wasiopungua kumi wapoteze fedha zao, na kwa kweli watakuwa wengi zaidi, kwa kuwa baadhi ya wale 40 wasio na ufadhili nao wataingia katika nusu ya juu. Na kwa sababu vyuo vingi hugawa alama za mwaka wa kwanza kwa mizani iliyowekwa tangu mbele, kwamba wachache tu watapata za juu, jitihada ya mmoja humshusha mwingine. Kwa bahati njema Chama cha Mawakili hukilazimisha kila chuo chenye ufadhili wa namna hii kitangaze kila mwaka ni wanafunzi wangapi waliingia nao na wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa. Ichukue karatasi hiyo uende nayo siku ya ziara, uiweke mezani kwa staha, na uulize: je, sharti hili laweza kuondolewa katika barua yangu? Na ikiwa chuo kingine kimekupa zaidi, lisemwe hilo pia wazi na kwa ukweli. Maafisa wa udahili wamezoea mazungumzo haya. Hawachukizwi nayo, na mara nyingine huongeza. Wakati wa kuuliza ni huu, kwa maana arabuni ikishatolewa mizani huinamia upande wao.

Kuhusu mikopo, liko jambo jipya ambalo kila familia ilijue. Hapo awali mwanafunzi aliye raia au mkaazi wa kudumu aliweza kukopa kwa serikali ya Marekani karibu gharama zake zote, lakini sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeufunga mkopo uliokuwa ukiitwa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na imeweka mpaka wa dola 50,000 kwa mwaka, na dola 200,000 kwa jumla, kwa wanaosomea taaluma kama sheria. Kinachozidi hapo chatakiwa kitoke mfukoni au katika benki, ambayo huuliza mdhamini na hutoza riba kama ipendavyo. Na mgeni mwenye viza ya masomo hana fungu katika mikopo ya serikali tangu mwanzo. Katika nyumba zetu nyingi riba ni suala la dini kabla ya kuwa suala la hesabu, na mwenye dhamiri hiyo asione haya kuitaja anapozungumza na ofisi ya fedha, kwa sababu vyuo vingine vina misaada isiyolipwa, na vipo vinavyowasaidia kulipa madeni wahitimu wanaochagua kazi ya umma yenye mshahara mdogo. Lakini hayo huyapata anayeyauliza.

Yako tena matangazo ya hesabu, ambayo kila chuo huyaonyesha kwa fahari: wahitimu wangapi wamepata kazi, wangapi wamefaulu mtihani wa uwakili. Hesabu hizi ni nzuri kwa anayejua kuzisoma. Takwimu za kazi huchukuliwa miezi kumi baada ya kuhitimu, na cha kutafuta ndani yake si jumla ya walioajiriwa bali safu moja tu, ile ya kazi za kudumu na za muda wote zinazohitaji leseni ya uwakili. Kwani ndani ya jumla hiyo mwaweza kuwamo kazi za muda, na kazi zinazolipwa na chuo chenyewe kwa wahitimu wake. Kwa upande wa mtihani, kanuni iliyopitishwa mwaka 2019 yataka angalau asilimia 75 ya wahitimu wanaoufanya wawe wamefaulu katika muda wa miaka miwili tangu kuhitimu. Chuo kilicho karibu na mpaka huo kina la kueleza. Na isidhaniwe kwamba hesabu haina haja ya kuhojiwa: mwaka 2012 Chama cha Mawakili kilikikaripia hadharani chuo cha sheria cha Illinois, chuo kikongwe chenye heshima, kikakitoza faini ya dola 250,000 kwa kuwa kwa miaka kadhaa kilitangaza alama za wanafunzi wake waliokubaliwa zisizokuwa za kweli. Tangu zama hizo kanuni zimekazwa, na msomaji wa leo ana ulinzi kuliko wa jana, lakini ulinzi ulio bora ni swali la mtu anayejua anachouliza.

Swali jingine, ambalo vijana hawalifikirii kabisa, ni la uhai wa chuo chenyewe. Mwezi wa Aprili 2017, katika msimu ule ule wa kuwakaribisha wageni, wenye chuo cha sheria cha Whittier, huko California, walitangaza kwamba hakitapokea tena wanafunzi wapya; na mwaka huo huo mwezi wa Agosti chuo cha sheria cha Charlotte, North Carolina, kilifunga milango baada ya serikali kukikatia mikopo ya wanafunzi wake. Waliokuwamo walitawanyika, wengine wakapokewa kwingine, wengine wakabaki na deni. Kwa hiyo si utovu wa adabu kumwuliza mkuu wa chuo, wakati anapofungua mlango wa maswali ukumbini, kama idadi ya wanafunzi imepanda au imeshuka katika miaka mitano, kama walimu wamepunguzwa, na kama Chama cha Mawakili kimekiandikia chuo onyo lolote. Mkuu mwenye chuo kilicho salama hujibu kwa furaha.

Yanayopendeza zaidi kuyaona katika ziara hii ni zile ofisi za msaada wa kisheria ambamo wanafunzi, chini ya uangalizi wa mwalimu aliye wakili, huwatetea wateja wa kweli: mpangaji anayefukuzwa, mkimbizi anayeomba hifadhi, mfungwa anayekata rufani. Kanuni humtaka kila mwanafunzi asome uniti zisizopungua sita za kazi ya vitendo, walakini vyuo havilingani katika jambo hili: kimoja kina ofisi ishirini na nafasi kwa kila anayetaka, kingine kina mbili zinazogombewa kwa kura. Omba uingie humo, uone mafaili mezani, uulize mwanafunzi amesimama mbele ya jaji mara ngapi. Na wale wanaokwenda kwa shahada ya uzamili wakiwa na shahada ya Afrika ya Mashariki wana swali lao mahsusi, kwa kuwa jimbo la New York, ambalo hupokea wageni wengi katika mtihani wake wa uwakili, humruhusu mtu ambaye shahada yake ya nje ina upungufu auzibe upungufu huo kwa shahada ya uzamili ya uniti 24 zenye masomo yaliyotajwa. Basi wasiridhike na kauli kwamba programu ni nzuri, bali waulize kama mpangilio wake unatimiza masharti hayo, na wahitimu wa mwaka jana waliotoka nje walifaulu wangapi.

Toka pia nje ya lango. Miaka mitatu haikaliwi ndani ya darasa tu. Panda basi ambalo utalipanda, uulize kodi ya chumba mtaani na si katika bweni la maonyesho, uone msikiti au kanisa liko umbali gani, na tembea saa za usiku katika njia utakayoipita ukitoka maktaba. Aliye mbali, ambaye nauli ya ndege au viza humzuia, asikate tamaa: vyuo vingi hurudisha sehemu ya nauli kwa anayeomba, na visipofanya hivyo aweza kutaka ahudhurie darasa kwa njia ya intaneti na apewe majina ya wanafunzi watatu azungumze nao kwa simu, wawili kati yao wakiwa wametoka nje ya Marekani kama yeye. Chuo kinachopuuza ombi dogo kama hilo kwa mtu kinayemtaka kimekwisha kumjibu swali kubwa zaidi.

Nimesema mengi juu ya fedha na hesabu, nami nisingependa msomaji adhani kwamba ndiyo mambo yaliyo juu ya yote. Mwaka 1930 kijana mmoja wa Baltimore, Thurgood Marshall, aliingia chuo cha sheria cha Howard mjini Washington, kwa kuwa chuo cha jimbo lake mwenyewe kilikuwa kimefungiwa watu weusi, naye alikuwa akienda na kurudi kwa treni kila siku. Howard hakikuwa na utajiri wala fahari ya majengo. Lakini alikuwapo Charles Hamilton Houston, msimamizi wa masomo, aliyekuwa akikigeuza chuo cha jioni kuwa chuo cha mchana chenye masharti makali, kikaidhinishwa na Chama cha Mawakili mwaka 1931, na aliyewaambia wanafunzi wake bila kuficha kwamba wanasomea kuivunja sheria ya ubaguzi kwa njia ya mahakama. Marshall alihitimu mwaka 1933 akiwa wa kwanza darasani. Mwaka 1954 alishinda ile kesi ya shule iliyoubatilisha ubaguzi katika elimu ya umma. Na mwaka 1960, kwa mwaliko wa mwanasiasa Tom Mboya, alikwenda kwenye mkutano wa katiba huko Lancaster House, London, kuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya, akawaandikia rasimu ya haki za raia, ambamo walio wachache, hata Wazungu na Wahindi, waliwekewa kinga. Mgeni ambaye mwaka ule wa 1930 angaliipima Howard kwa ukubwa wa maktaba angalipita njia. Ambaye angaliketi darasani mwa Houston saa moja angalijua yuko wapi.

Kwa hiyo katika kila ziara, baada ya ada na sharti na mtihani kuulizwa, libaki swali moja la kumwuliza kila mwalimu utakayekutana naye: wanafunzi wenu wakitoka hapa huwatumikia nani, na ninyi huwafundisha kwa ajili gani? Majibu yatatafautiana, na si lazima yawe ya kishujaa. Yupo atakayesema kwamba huwaandaa mawakili waaminifu wa biashara, na hilo ni jambo jema. Ila yule asiyekuwa na jibu, au anayekupa jibu la kijitabu, amekuonyesha kwamba chuo chake hakijalifikiria. Usiku wa siku hiyo hiyo, kabla ya kukizuru chuo kingine, andika uliyoyaona, mbali na uliyoyaambiwa, na uyasome mbele ya wazee wako au mtu mwenye insafu asiyekuwa na maslahi yoyote katika uamuzi wako. Kisha amua mwenyewe, kwa maana ni wewe utakayesoma, utakayelipa, na utakayesimama siku moja mbele ya jaji kwa niaba ya mtu asiye na mwingine wa kumsemea. Na mtu huyo ana haki ya kupata wakili aliyechagua mafunzo yake kwa macho yaliyo wazi.